Kompyuta Moja, Mifumo Miwili: Vita vya Sekta ya Kwanza

Wiki jana kijana wa jirani aliniletea laptopu kuukuu ya mwaka 2009, RAM GB 2, akitaka nimwekee Linux. “Lakini kaka, tafadhali, Windows usiiguse. Hesabu za duka la mama ziko humo.” Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kusema kweli, wasiwasi nilikuwa nao mimi. Miaka mingi iliyopita niliwahi kuweka mifumo miwili kwenye Pentium III ya mtumba, nikaanza na Linux kisha nikaweka Windows juu yake. Kosa lilikuwa langu. Nilipowasha mashine, Linux haikuonekana popote! Faili zote zilikuwepo, ila mlango wa kuzifikia ulikuwa umefungwa.

Mlango huo ndio nataka tuuzungumzie leo.

Turudi Machi 1983. IBM ilitoa kompyuta iliyoitwa PC XT, yenye diski ngumu ya MB 10, pamoja na DOS 2.0. Waliopanga diski ile walijua kwamba si kila mtu angetaka DOS peke yake. Wengine wangetaka CP/M-86, wengine Xenix. Kwa hiyo sekta ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512, waliigawa hivi: baiti 446 za programu ndogo ya kuwashia, baiti 64 za jedwali la patisheni, na baiti 2 za alama ya mwisho. Kila patisheni inachukua baiti 16 katika jedwali, ndiyo maana zikawa nne tu. Laptopu ya huyu kijana, iliyotengenezwa miaka 26 baadaye, ilikuwa bado inafuata mpango ule ule.

Shida iko kwenye zile baiti 446. Patisheni zinaweza kuwa nne, lakini programu ya kuwashia katika sekta ile ni moja. Atakayeandika wa mwisho ndiye mwenye ufunguo. Kisakinishi cha Windows, kuanzia enzi za Windows 95 hadi XP na baadaye, kilikuwa kinaandika programu yake hapo bila kumwuliza mtu, wala hakikujali kama Linux ipo. Ndipo ikaja ile kanuni ambayo kila fundi ameikariri: Windows kwanza, Linux baadaye.

Upande wa Linux, mwaka 1992 Werner Almesberger aliandika LILO. Ilikuwa programu rahisi mno. Haikujua kusoma faili. Ilikumbuka tu namba za mahali kernel ilipolala kwenye diski. Ukibadilisha kernel ukasahau kuendesha amri ya lilo tena, basi asubuhi mashine inaweza kukataa kuwasha Linux. Tena BIOS za zamani hazikuweza kusoma zaidi ya silinda 1024, kwa hiyo kernel ilibidi ikae mwanzoni mwa diski. Waliokuwa wakifanya kazi hii miaka ile wanakumbuka ile patisheni ndogo ya /boot waliyotenga mwanzoni kabisa, wengine bila hata kujua sababu.

Erich Boleyn alianza GRUB mwaka 1995 akitaka kuwasha mfumo wa GNU Hurd. Tofauti yake ni kwamba GRUB inasoma mfumo wa faili yenyewe, na ina sehemu ya kuandika amri kabla mfumo wowote haujawaka. Ukikosea jina la kernel, unalirekebisha pale pale. Mradi wa GNU uliichukua mwaka 1999. Mimi hilo ndilo naliona kuwa hatua kubwa kuliko menyu yoyote yenye picha nzuri.

Lakini si kila kitu kilikuwa ufundi. Jean-Louis Gassée, aliyewahi kuwa mkubwa wa Apple, alikuwa na kampuni ya Be na mfumo wake BeOS. Aliwaambia watengenezaji wa PC: chukueni BeOS bure, mradi tu mteja aione anapowasha mashine. Hitachi walikubali kuiweka kwenye kompyuta zao za FLORA Prius. Mteja alipoiwasha, aliiona Windows peke yake! BeOS ilikuwa ndani ya diski lakini imefichwa, na kuifikia kulihitaji maelekezo marefu. Be walidai kwamba leseni za Microsoft ziliwazuia watengenezaji kuonyesha mfumo mwingine wakati wa kuwasha. Mwaka 2001 mali za Be ziliuzwa kwa Palm kwa dola milioni 11. Mwaka 2002 Be wakaenda mahakamani, na mwaka 2003 Microsoft wakalipa dola milioni 23.25 kumaliza kesi bila kukiri kosa. Fidia ikazidi mara mbili bei ya kampuni, na kampuni yenyewe haikuwepo tena sokoni.

Mtasema hayo ni ya kale. Haya, Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows liliziacha mashine nyingi za mifumo miwili zikikataa kuwasha Linux. Microsoft walikuwa wamesema halitagusa mashine za aina hiyo. Siku hizi mlango ni UEFI na Secure Boot, si zile baiti 446, lakini mvutano unafanana sana na ule wa zamani.

Kwa laptopu ya kijana, nilinakili hesabu za duka kwenye flashi mbili kwanza, nikazifungua kwenye mashine nyingine kuhakikisha zinasomeka. Kisha sekta ile ya kwanza, kwa amri ya dd, nikaihifadhi nayo. Nikapunguza patisheni ya Windows 7 kutoka ndani ya Windows yenyewe, nikaweka Linux kwenye nafasi iliyobaki. GRUB ikaziona zote mbili.

Menyu inasubiri sekunde kumi. Kijana alitaka Linux iwe ya kwanza. Nikaiweka Windows, kwa sababu anayeiwasha saa kumi na mbili asubuhi ni mama.