Maji ya Ngarambe na sindano ya Profesa Koch

Mgonjwa wa Pande, wilayani Kilwa, akizidiwa hupelekwa kaskazini hadi hospitali ya wilaya iliyopo Kilwa Kivinje. Hospitali hiyo inaitwa Kinyonga. Mji huohuo ndio wenye Mwembe Kinyonga, mti ambao Wajerumani waliwatundikia waliowapinga, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Kwa watu wa Kilwa, Mjerumani alitangulia na kitanzi. Sindano ilikuja baadaye.

Mwaka 1904, kule Ngarambe katika nchi ya Wamatumbi, Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo. Wazee wamesimulia kwamba alizama mtoni, akaibuka kesho yake nguo zikiwa kavu. Akaanza kugawa dawa. Watu walimwendea makundi kwa makundi, wakanyunyiziwa maji, wakanywa mengine, wakapewa na miiko ya kushika. Wanaowacheka husahau kuuliza walikuwa wanaumwa nini: pamba ya kulimishwa kwa nguvu, kodi, viboko vya maakida. Risasi kugeuka maji ilikuwa ahadi moja tu ya dawa ile. Nyingine ilikuwa kuwaunganisha watu ambao hawakuwahi kupigana upande mmoja, na hiyo ilitimia.

Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete, na vita dhidi ya Wajerumani vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Tarehe 30 mwezi huohuo, mbele ya boma la Mahenge, bunduki za rashasha ziliangusha mamia ya watu waliokwisha kunywa maji. Vita vilipoisha mwaka 1907 Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi walikufa kwa njaa, maana jeshi lilichoma mashamba na maghala.

Desemba 1905, moto ukiwa bado unawaka kusini, daktari Mjerumani Robert Koch alipokea Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Mwaka uliofuata alipiga kambi visiwa vya Ssese, Uganda, malale yakiwamaliza watu wa Ziwa Viktoria. Dawa yake ilikuwa atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani. Wagonjwa walipata nafuu, kisha maradhi yakarudi. Koch akaongeza kipimo. Zaidi ya watu 20 wakapofuka moja kwa moja. Pamoja na hayo alishauri wagonjwa wakusanywe makambini, na upande wa Mjerumani makambi yakajengwa, kama lile la Shirati, lakini wengi walitoroka.

Haki itendeke: kutokana na atoksili Paul Ehrlich aliipata Salvarsan, dawa ya kaswende iliyotibu na buba. Chini ya Mwingereza, sindano za buba ndizo zilizoipatia hospitali heshima Tanganyika. Mtu aliyejaa vidonda alidungwa mara chache tu akapona, na jirani zake walioona kwa macho yao wakaifuata sindano kwa miguu. Hapakuhitajika askari wa kuwalazimisha.

Malale nayo yalifika kusini. Vita vile viliacha maeneo mengi matupu, vichaka vikarudi, na mbung'o pamoja navyo. Miaka ya 1940 serikali iliwahamisha watu wa Liwale kwa hoja ya malale, na sehemu ya ardhi yao ikamezwa na hifadhi ya Selous. Kwa hiyo daktari ndiye aliyetumika kuhalalisha alichokianza mwanajeshi, ingawa ripoti za wakati ule zinasomeka kama hisani tupu.

Leo taasisi ya taifa ya kupambana na magonjwa huko Berlin ina jina la Koch. Kinjikitile vitabuni mwetu ni shujaa aliyewadanganya watu, na habari za Ssese hazimo kabisa. Wanaoandika vitabu vya historia vya shule wakae na jambo hili: mtoto wa Pande asome dawa zote mbili katika sura moja, kwa sababu zilitolewa katika miaka ileile, na waliokunywa na waliodungwa hawakuambiwa ukweli wote.