Panya Mdogo wa Torino

Leo twaeleza habari za motokaa ya Italia iliyokusudiwa watu wa mali kidogo. Iliundwa na kampuni ya Fiat, iliyoanzishwa mjini Torino mwaka 1899.

Zamani hizo motokaa zilikuwa mali ya matajiri. Giovanni Agnelli, mkuu wa Fiat, alitaka iundwe motokaa ya bei ya lira 5,000. Kazi hiyo ikamwangukia fundi kijana, Dante Giacosa, aliyezaliwa mwaka 1905.

Giacosa hakupunguza tu vipimo vya motokaa kubwa. Aliuweka mtambo mbele kabisa, kupita magurudumu ya mbele, na rejeta nyuma ya mtambo. Hivyo miguu ya wasafiri ikapata nafasi. Petroli ilishuka yenyewe kutoka tangi lililo juu, na maji ya kupoza mtambo yalizunguka kwa nguvu ya joto, pasipo pampu. Kila kilichoachwa kilipunguza gharama.

Mwaka 1936 ikatolewa Fiat 500, yenye nguvu za farasi 13 na viti viwili. Watu wakaiita Topolino, yaani panya mdogo. Wazazi wengi waliwapakia watoto penye nafasi ya mizigo, nyuma ya viti.

Lakini bei ilikuwa lira 8,900, mshahara wa miezi mingi kwa mfanyakazi wa kiwandani. Hata hivyo, kufikia mwaka 1955 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 500,000. Na mwaka huo Giacosa yule yule akaleta Fiat 600, yenye viti vya watu wanne.

Basi twaona kwamba ufundi ulifungua mlango mwaka 1936, lakini wengi waliokusudiwa walingoja miaka mingi kabla ya kuingia.