BENDI YA BWENINI: VIJANA WATANO WA PANCHGANI

Ndugu Mhariri ameniomba niandike machache juu ya muziki. Nadhani amefanya utani, kwa maana wengi wenu mnanikumbuka kuwa ndiye yule kiranja wa bweni aliyemnyang'anya kijana wa kidato cha pili gitaa lake na kulifungia stoo muhula mzima. Sikanushi. Wakati ule niliamini, kama walivyoamini wakubwa wetu wengi, kwamba bendi ni mlango wa uhuni. Leo napenda kuwasimulia historia ya bendi moja ya wanafunzi iliyonibadilisha mawazo.

Bendi hiyo iliitwa The Hectics. Ilianzishwa mwaka 1958 katika St. Peter's, shule ya bweni iliyopo Panchgani, mji mdogo wa milimani nchini India, ng'ambo ya Pune ukitokea Mumbai. Vijana walikuwa watano. Bruce Murray aliimba, Derrick Branche alipiga gitaa, Victory Rana alipiga ngoma, na Farang Irani alishika besi, ambayo ilikuwa sanduku la chai lililofungwa uzi mmoja. Wa tano alikuwa mtoto wa Unguja, Farrokh Bulsara. Huyu alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, na wazazi wake walimpeleka India mwaka 1955 akiwa na miaka minane tu. Huko shuleni ndiko alikopewa jina la Freddie.

Freddie hakuwa mwimbaji mkuu. Yeye alikaa kwenye piano, ambayo alijifunza hapo hapo shuleni. Wenzake husimulia kwamba akisikia wimbo mara moja redioni aliweza kuupiga. Bendi ilipiga nyimbo za Elvis Presley, Cliff Richard, Little Richard na Fats Domino katika sherehe za shule. Masomo yalipokwisha, vijana walitawanyika na bendi ikafa.

Lakini mbegu haikufa. Mwaka 1963 Freddie alirejea Unguja, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia yake ilihamia Feltham, karibu na London. Alisoma Chuo cha Sanaa cha Ealing hadi 1969. Mwaka huo aliingia bendi ya Ibex, iliyobadili jina ikawa Wreckage, kisha akapita Sour Milk Sea. Mwaka 1970 aliungana na Brian May na Roger Taylor, wakaanzisha Queen, naye akajiita Freddie Mercury. John Deacon aliwakamilisha mwaka 1971, na santuri yao ndefu ya kwanza ikatoka 1973. Tangu sanduku la chai hadi uwanja wa Wembley, tarehe 13 Julai 1985, ilikuwa safari ya miaka 27. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991.

Je, wale wengine walipotea? Victory Rana alikuwa jenerali wa jeshi la Nepal, na kuanzia 1999 hadi 2001 aliongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Cyprus. Derrick Branche alikuwa mwigizaji wa filamu na televisheni Uingereza. Ngoma na gitaa havikuwaharibu.

Gitaa lile nililirudisha siku ya kufunga shule, nyuzi mbili zimekatika. Mwenyewe alilipokea bila kusema neno, na sikumsikia akipiga tena mpaka nilipomaliza shule.

Viranja wa leo, saa ya kujisomea ikifika, nyamazisheni bweni. Hiyo ndiyo kazi yenu. Lakini kengele ya mapumziko ikilia, waachieni wenye magitaa kona yao. Nanyi wapigaji, msiharakie mbele; hata Mercury alianzia nyuma, kwenye piano.

Na wewe mdogo wangu wa kidato cha pili, kama gazeti hili limekufikia, siku ya mkutano wetu nitakuja na gitaa lenye nyuzi zote sita. Njoo, tafadhali.