Nafasi ya Maduka Makubwa katika Mwanzo wa Utangazaji wa Redio Nchini Marekani, 1920–1922

Historia ya mwanzo wa utangazaji wa redio nchini Marekani husimuliwa aghalabu kama historia ya wahandisi na viwanda. Insha hii inajenga hoja kwamba kaunta ya duka nayo ilichangia kuamua redio ingekuwa chombo cha nani, na gharama za matangazo zingelipwa na nani.

Kabla ya mwaka 1920, redio ilichukuliwa hasa kuwa simu isiyo na waya, yaani njia ya mawasiliano baina ya pande mbili zinazojuana. Kusikika na watu wasiohusika kulihesabiwa kuwa kasoro. Frank Conrad, mhandisi wa kampuni ya Westinghouse, alikuwa akirusha muziki wa santuri kutoka gereji yake huko Wilkinsburg, karibu na Pittsburgh, na wasikilizaji wake wengi walikuwa mafundi wa ridhaa waliojiundia vyombo vyao wenyewe. Tarehe 29 Septemba 1920, duka la Joseph Horne la mjini Pittsburgh lilitangaza gazetini kuwa muziki huo ulikuwa umenaswa, na kwamba vipokezi vilivyokwisha kuundwa vilipatikana dukani humo kuanzia dola 10. Kwa maelezo aliyoyatoa baadaye Harry P. Davis, makamu wa rais wa Westinghouse, tangazo hilo ndilo lililomfumbua macho: soko halikuwa katika mawasiliano ya siri, bali katika umma wenye kusikiliza. Tarehe 2 Novemba 1920, kituo cha KDKA kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais.

Baada ya hapo maduka yenyewe yalianza kumiliki vituo. Duka la Bamberger la Newark lilifungua WOR tarehe 22 Februari 1922. Mwaka huohuo, mjini Philadelphia pekee, maduka ya Gimbel, Wanamaker, Strawbridge & Clothier na Lit yalikuwa na vituo. Mantiki ya biashara ilikuwa moja: matangazo hayakuuzwa, yalitolewa bure ili kipokezi kipate thamani na jina la duka lienee.

Hata hivyo, mantiki hiyo ilikuwa na udhaifu. Msikilizaji wa WOR aliweza kununua kipokezi kwa mshindani, na aliyekwisha kununua hakuhitaji kingine upesi, ilhali kituo kilidai fedha kila siku. Tarehe 28 Agosti 1922, kituo cha WEAF cha New York kilirusha tangazo la kulipiwa la kampuni ya nyumba, na hivyo kuonesha njia nyingine ya mapato.

Kwa hiyo, mchango wa maduka haukuwa wa kiufundi. Yalimtoa msikilizaji katika karakana ya fundi na kumweka sebuleni, lakini yalimpokea kama mteja. Utangazaji wa kulipiwa uliofuata ulimkuta tayari katika nafasi hiyo.