Daramumba na Nasaba ya Tippu Tip

Mmarekani mweusi anayetafuta nasaba yake kwa kawaida hukwama mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Katika orodha za mwaka 1850 na 1860 wengi wao waliandikwa kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wao. Huku kwetu Kamina, katika nchi ambayo misafara ya pwani iliiita Urua, hapakuwa na sensa. Hata hivyo limebaki jina la mateka mmoja, nasi hatuna budi kuuliza limebakije.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Humo aeleza alivyomwendea Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetera. Alikwisha kusikia ya kuwa Rungu Kabare Kumambe, mfalme wa Urua, aliwateka wanawake wawili wa ukoo wa mtawala huyo. Basi akadai kuwa mmoja wao, Daramumba, alichukuliwa na Habib bin Bushir, akamzaa mama yake. Mzee akasadiki, akamkabidhi nchi.

Kwa mwanaisimu majina hayo hayana fumbo. Mahali pa *l* ya Kiluba misafara ilitamka *r*: Rungu Kabare ni Ilunga Kabale, na Kumambe bila shaka ni Kumwimbe Ngombe, baba yake. Lakini Thomas Reefe, katika kitabu chake cha mwaka 1981, akadiria kuwa Ilunga Kabale alitawala baina ya 1840 na 1870 hivi, na Tippu Tip alizaliwa karibu na mwaka 1837. Mjukuu hawezi kumtangulia bibi yake kutekwa! Tukisema mtekaji alikuwa Kumwimbe, tarehe zabana, ingawa zawezekana. Mimi sielemei huko. Msimuliaji mwenyewe aonekana kuifurahia hila yake kuliko kuitetea.

Hayo hayamfuti Daramumba. Yamkini alikuwako, akatekwa kweli, na jina lake likahifadhiwa kwao kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa kitawala, kisha likaandikwa kwa kuwa mgeni alilihitaji apate kiti. Wengine hawakuwa na mwenye haja nao. Mwaka 1875, katika nchi ya mfalme Kasongo Kalombo, mwana wa Ilunga Kabale, Verney Lovett Cameron aliona wanawake 52 wakiletwa wamefungwa kamba kwa makundi. Akakadiria kuwa vijiji visivyopungua kumi viliangamizwa ili wapatikane. Ametuachia idadi yao na namna walivyofungwa. Majina yao hakuyaandika.