Mali Bila Daftari: Muziki Wetu Kutoka Santuri ya Bombay Hadi Memori Kadi ya Mpanda

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili, zikatolewa kwa nembo ya His Master's Voice. Karibu karne moja imepita na sauti ile bado inasikika. Santuri zimetunzwa na wakusanyaji, nyingine zimehamishiwa kwenye kompyuta, na mtafiti anayetaka kujua zilirekodiwa wapi na lini hupata pa kuanzia.

Sasa tuchukue wimbo wa Kiswahili uliorekodiwa mwaka 2008 katika studio ya chumba kimoja, ukapandishwa kwenye blogu na kupakuliwa na vijana wa mikoa yote. Blogu imefungwa. Kiungo hakifunguki. Kompyuta ya studio iliharibika na kuuzwa spea. Aliyetengeneza mdundo hajulikani, na mwimbaji mwenyewe hana nakala. Wimbo wa miaka mia moja iliyopita una kumbukumbu, na wimbo wa juzi hauna.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kila teknolojia iliyokuja ilifungua lango moja kwa wasanii na wasikilizaji, lakini dola ililinda lango la jana. Matokeo yake ni kwamba kizazi kilichorekodi nyimbo nyingi kuliko vyote vilivyotangulia ndicho kitakachoacha kumbukumbu chache. Nitaufuata mkondo huo hadi Mpanda, kwa sababu mji ulio mwisho wa reli huonyesha mambo ambayo Dar es Salaam huyaficha.

Lango na mlinzi wake

Baada ya Uhuru lango la muziki lilikuwa moja: redio ya taifa, iliyoitwa Redio Tanzania Dar es Salaam kuanzia mwaka 1965. Bendi iliyotaka kusikika nchini ilirekodi katika studio zake. Santuri za biashara zilitegemea zaidi Kenya. Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro walitolewa na Mzuri Records ya Mombasa, na Mbaraka Mwinshehe alirekodi Nairobi. Mwezi Februari 1977 Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya, njia ya santuri ikawa nyembamba, na uzito wa studio za RTD ukaongezeka.

Lango lile lilikuwa na ubaya wake. Maneno yalipimwa kabla ya kurushwa hewani, na malalamiko ya wanamuziki wakongwe kuhusu haki zao ni ya miaka mingi. Hata hivyo mlinzi wa lango alikuwa pia karani. Kanda iliwekwa kwenye kabati, ikaandikwa jina la bendi na wimbo. Ndiyo maana leo kuna hazina ya RTD, ambayo TBC imeirithi, na watu wanaweza kubishana kuhusu namna ya kuihamishia kwenye mfumo wa kidijitali. Huwezi kubishana kuhusu kabati ambalo halikuwahi kuwepo.

Kisha kaseti ikaja. Yeyote mwenye redio yenye sehemu mbili za kanda aliweza kunakili. Utangazaji ukafunguliwa kwa sekta binafsi mwaka 1993, Radio One ikaingia hewani mwaka 1994, na kompyuta ikaanza kuchukua nafasi ya bendi nzima ndani ya studio. Programu ya FruityLoops, iliyotoka Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990 na baadaye kuitwa FL Studio, ilimwezesha kijana asiye na gitaa wala ngoma kutengeneza mdundo. Bongo Fleva ilikulia katika mazingira hayo. Hatukuwahi kuwa na muziki uliohitaji ruhusa chache kiasi hicho.

Serikali nayo haikulala. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, COSOTA ikaundwa. Mwaka 2013 stempu za kodi zikaanza kubandikwa kwenye bidhaa za muziki na filamu. Nia ilikuwa njema. Lakini stempu hubandikwa kwenye kitu kinachoshikika, na wakati ule nyimbo zilikuwa zimekwisha kuhamia kwenye simu. Tulimweka askari kwenye daraja ambalo watu walikuwa wameacha kulipita.

Reli ya risasi, njia ya nyimbo

Reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, yapata kilomita 210, ilijengwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ili kusomba madini ya risasi. Mgodi ulikwisha, reli ikabaki. Ilileta watu, mizigo, na pamoja nao muziki: redio za betri, kanda, na habari za bendi kama Tabora Jazz. Katavi ilipokuwa mkoa mwaka 2012, Mpanda ikawa makao makuu yake, lakini kwa miaka mingi umeme wake uliendelea kutoka kwenye majenereta ya dizeli, nje ya Gridi ya Taifa.

Wanahistoria wa teknolojia hupenda kuandika kwamba intaneti ya kasi ilifika Tanzania mwezi Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipozinduliwa Dar es Salaam. Kwa mfanyakazi wa benki wa Posta hiyo ni kweli. Kwa mfugaji wa pembezoni mwa Mpanda, intaneti ilifika ikiwa ndani ya memori kadi, mfukoni mwa mtu aliyeshuka kwenye basi.

Kibao kilichoandikwa “Tunarusha nyimbo” kinafahamika nchi nzima, na wengi wetu tumekipita bila kukitafakari. Ndani kuna meza, kompyuta ya mezani, kebo na spika. Mteja anatoa simu au flashi ya sabufa, anataja anachotaka, analipa kidogo na kuondoka na nyimbo nyingi. Hahitaji bando wala akaunti. Mwenye kibanda ndiye aliyepakua kwa niaba ya mtaa mzima, ndiye aliyepanga mafolda, na ndiye anayejua nini kinasikilizwa.

Niliwahi kukaa katika kibanda kimoja cha aina hiyo mjini Mpanda, nikasoma majina ya mafolda kwenye skrini. Palikuwa na Bongo Fleva, Singeli, Kongo, Kwaya, Zilipendwa, Kisukuma na Kirundi. Orodha ile ilikuwa historia ya Katavi iliyoandikwa na asiyejua kuwa anaandika historia. Folda la Kisukuma lilikuwa kubwa, kwa sababu wafugaji na wakulima wa Kisukuma wamehamia huko kwa wingi, na muziki wao una studio zake, nyota wake kama Bhudagala, na desturi ya kutaja studio na namba ya simu katikati ya wimbo. Folda la Kirundi lilieleza habari za Katumba na Mishamo, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania.

Nikamuuliza kijana mwenye kibanda kama ana nyimbo za Kibende au za Kipimbwe, lugha za wenyeji wa mkoa. Akanijibu kwa adabu: “Hizo hazirushwi, mwalimu. Wenye nazo ni wazee, wanazo kichwani.”

Jibu hilo lina uzito kwa afisa utamaduni yeyote anayelisoma. Soko la memori kadi huhifadhi kinachouzika. Kisichouzika hakina kabati wala folda, na wazee hawaishi milele.

Jina la tovuti iliyokufa

Jambo jingine nililoliona kwenye skrini ile lilikuwa majina ya mafaili. Katikati ya miaka ya 2000 blogu za Kitanzania zilianza kuchanua. Ile ya Issa Michuzi, iliyoanza mwaka 2005, iliwafundisha wengi kwamba mtu mmoja anaweza kuwa chombo cha habari. Blogu za muziki zikafuata. Kurasa zake zilisanifiwa kwa ajili ya simu ndogo na mtandao wa polepole: orodha ndefu, viungo vya buluu, picha ya msanii, na neno “pakua”. Mwenye tovuti aliingiza jina la tovuti yake kwenye jina la faili, na wakati mwingine sauti yake ndani ya wimbo, ili anayenakili amtangaze bila malipo.

Tovuti nyingi kati ya hizo hazipo tena. Ada ya jina la kikoa haikulipwa, nywila ilisahaulika, au mwenyewe alipata kazi nyingine. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizowataka wanablogu walipie leseni, ziliwafanya baadhi waamue kufunga. Lakini majina yao bado yamo kwenye memori kadi za Mpanda, yameganda kwenye mafaili kama mhuri wa posta ya kijiji kilichohamishwa.

Wapo watakaosema hofu hii imepitwa na wakati, kwa kuwa YouTube inahifadhi kila kitu. Nawaomba wakumbuke MySpace. Mwaka 2019 kampuni hiyo ya Marekani ilikiri kwamba ilipokuwa ikihamisha seva zake ilipoteza muziki uliopandishwa kwa zaidi ya miaka kumi, kiasi kinachokadiriwa kuwa nyimbo milioni 50. Ikiwa hilo limewapata matajiri, sisi tumejikinga na nini? Boomplay huja ikiwa imewekwa tayari kwenye simu nyingi za Kichina tunazonunua. Mdundo, iliyozaliwa Nairobi, hisa zake ziliingia kwenye soko la Copenhagen mwaka 2020. Sina ugomvi na biashara hizo. Zimewalipa baadhi ya wasanii. Ninachosema ni kwamba duka si makavazi. Duka lina haki ya kuondoa bidhaa rafuni.

Nani ataandika daftari?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ninayo mapendekezo matatu, na hakuna linalohitaji mkopo wa nje.

La kwanza linahusu sheria. Tangu Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975, mchapishaji wa kitabu anatakiwa kuwasilisha nakala kwa ajili ya taifa. Wimbo na ukurasa wa tovuti navyo ni machapisho ya zama hizi. Msanii anayesajili kazi yake awasilishe pia faili safi, pamoja na majina ya mtunzi, mwimbaji, mtayarishaji, mahali na tarehe.

La pili linahusu halmashauri. Afisa utamaduni wa wilaya anajua vikundi vya ngoma kwa sababu huviita kwenye Mwenge na kwenye ziara za viongozi. Siku hiyohiyo, kwa simu aliyonayo mfukoni, anaweza kuvirekodi, akaandika majina ya waimbaji na maana ya maneno, akaweka nakala mbili mahali pawili. Kwa nyimbo za Kibende na Kipimbwe, kazi hiyo ingepaswa kuanza mwaka huu.

La tatu litawaudhi baadhi ya marafiki zangu wanasheria. Mwenye kibanda cha kurusha nyimbo, kwa mujibu wa sheria, anauza asichokimiliki. Tukimkamata, tutachukua kompyuta yake na folda zake zote, na mtaa utapata kibanda kingine wiki ijayo. Tukimpa leseni ya bei anayoimudu, kwa sharti la kuandika nini amerusha mara ngapi, tutapata kitu ambacho mgawo wa mirabaha unakihitaji sana: taarifa za kweli za nini kinasikilizwa nje ya Dar es Salaam. Mwimbaji wa Kisukuma asiyepigwa na redio yoyote ya Dar angeonekana kwenye daftari kwa mara ya kwanza.

Wanafunzi wangu hucheka ninapowaambia kwamba mtafiti wa mwaka 2100 huenda akaijua vizuri zaidi Zanzibar ya 1928 kuliko Mpanda ya 2012. Nami huwajibu kwamba siku ile Bombay kulikuwa na karani aliyeandika namba kwenye santuri. Mpanda kuna simu maelfu kwa maelfu, zote zina uwezo wa kurekodi, na karani bado hajateuliwa.