Kondoo wa Panurge

Nilipokuwa kwaya niliogopa kitu kimoja tu: kupotea katikati ya wimbo. Siku moja nikapotea kweli. Mwalimu akasimamisha kwaya nzima, akanitazama, hakusema neno. Aibu ile ninayo mpaka leo. Ndiyo maana nilipokutana na kazi ya Frederic Rzewski nilicheka peke yangu.

Tuanze na kitabu. Mwaka 1552 Mfaransa François Rabelais alitoa Kitabu cha Nne cha visa vya Pantagruel. Humo Panurge anagombana melini na mfanyabiashara wa kondoo, Dindenault. Ananunua kondoo mmoja kwa bei ya kuruka, kisha anamtupa baharini. Wenzake wote wanamfuata mmoja mmoja, na tajiri wao, katika kuwazuia, anazama nao. Mpaka leo Wafaransa humwita mfuata mkumbo kondoo wa Panurge.

Mwaka 1969 Rzewski, Mmarekani aliyekuwa ameanzisha kundi la Musica Elettronica Viva huko Roma pamoja na wenzake, alitunga Les Moutons de Panurge. Ala hakuchagua: njoo na yako, mradi inatoa melodi. Hata wasio wanamuziki wanakaribishwa, na chochote walichonacho. Melodi ni moja, ya nota 65. Unapiga ya kwanza; halafu ya kwanza na ya pili; halafu tatu, hadi zitimie zote. Kisha unazipunguza kuanzia mwanzoni, hadi ibaki ya mwisho peke yake. Piga hesabu: nota 4,225, kwa kasi, wote sauti moja. Nani hatapotea?

Utamu uko hapo. Mtunzi anaagiza kwamba aliyepotea asitafute njia ya kurudi kundini. Basi sauti moja inapasuka taratibu, inakuwa mbili, tano, kumi. Kwa Rabelais, kufuata kunaua. Kwa Rzewski, kila kosa ni kondoo aliyekataa kuruka.

Lakini tusimwone kama mtu asiyependa umoja. Ndiye huyohuyo aliyetunga, mwaka 1975, tofauti 36 za piano juu ya wimbo wa Chile unaosema watu walioungana hawashindwi. Nadhani alijua kuna kuungana, na kuna kuburutwa.

Wahenga walishasema: kupotea njia ndiyo kujua njia. Mwalimu wangu simlaumu. Nyimbo zake zilitaka tufike pamoja. Ila natamani angetupa wimbo mmoja, mmoja tu, wa kupotelea.